Mimi, Baba na Joto la Injini hadi Ziwa Nyasa

Kwa gari zima na dereva aliyelala vizuri, mtu akitoka Songea asubuhi anakula chakula cha jioni ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi na baba tulitumia siku tatu. Ndiyo maana kila mmoja wenu aliyeniona tangu nirudi ameniuliza swali lilelile, na kila mmoja nimemjibu kipande. Leo nimefunika cherehani mapema ili niwaandikie yote, pamoja na lile ambalo baba mwenyewe ameniruhusu kulisema.

Songea hadi Kitai

Wengi wenu mnamfahamu baba. Ni Mzee Kaspari, yule anayekaa kwenye kiti mlangoni pa chumba changu cha kushonea, akiwaahidi wateja kwamba suruali zao zitakuwa tayari kesho hata kama sijakata kitambaa. Alikuwa dereva wa lori Mbinga kwa miaka mingi. Alipoacha kazi alihamia kwangu, na tangu hapo hajashika usukani. Lakini hapandi gari la mtu yeyote kabla hajafunguliwa boneti akainama, akanusa, akapapasa nyaya kama daktari anayetafuta mshipa. Watu humcheka. Mimi nilikuwa nimezoea.

Mwezi uliopita alipata habari kwamba Mzee Yeremia, aliyewahi kuendesha naye lori moja kwa zamu, alikuwa amelazwa kwa kifua na sasa amerudishwa kwake, kijiji kimoja mbele kidogo ya Liuli. Usiku huo baba aliacha ugali sahanini.

"Nipeleke kwa Yeremia," aliniambia.

"Si ni rafiki yako sana? Mbona hujawahi kwenda kumwona?"

"Ndiyo maana nataka kwenda."

Tuliondoka Alhamisi na pikapu yangu ya bluu, kuukuu, ya petroli, ninayosafirishia sare za shule. Baba alivaa suti yake ya kijivu ya sherehe, akashika kofia mapajani. Na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuomba boneti ifunguliwe. Nilifurahi kwamba tutawahi. Sikujiuliza kwa nini.

Tulipokaribia Kitai, honi ikaanza kulia yenyewe. Sikuwa nimeigusa. Nilipiga usukani ngumi, nikaubembeleza, nikawasha na kuzima taa, honi inalia tu, sauti moja ndefu isiyokata. Tukaingia pale kwenye vibanda na mabasi tukiwa hivyo. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi waliinuka, wakaona mzee wa suti ya kijivu mbele, na mwanamke amevaa kitambaa kipya kichwani pembeni yake. Mmoja akapiga kigelegele. Wenzake wakaitikia.

"Bwana harusi ni mzee, lakini suti imemkaa!" akapaza sauti kijana wa basi.

"Ni baba yangu!" nilipiga kelele dirishani, lakini nani angesikia kwa honi ile? Mama mmoja alitutupia ua la njano, likamwangukia baba begani.

Baba hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja pua.

"Zima gari," alisema. "Zima sasa hivi. Shuka."

Nami ndipo nikaisikia harufu, kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Nikaegesha. Baba, mwenye miaka sabini na sita na goti bovu, alikuwa chini kabla yangu. Alifungua boneti, akaomba spana kwa kijana wa basi na kung'oa waya wa betri. Honi ikanyamaza. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka mahali ambapo nyaya zilikuwa zimelalia ekzosi. Ganda la waya wa honi lilikuwa limeyeyuka lote, shaba ikagusa chuma, ndipo honi ikapata amri isiyotoka kwa dereva.

Mtu mmoja mwema alikuja mbio na ndoo ya maji. Baba alimzuia kwa mikono yote miwili, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Usimwage! Kuna petroli hapa! Lete gunia, lete mchanga, maji hapana!"

Hakukuwa na moto. Ulikuwa moshi tu. Lakini spana ilimponyoka baba mara mbili. Muuza ndizi aliyetupigia kigelegele akamletea kigoda, akamwambia, "Pole, baba. Kaa kwanza." Akatupa na ndizi za kuchoma, akakataa malipo, kwa sababu, alisema, harusi yetu imeharibika.

Kitai hadi Mbinga

Baba alizisogeza nyaya mbali na ekzosi kwa kijiti, akazifunga pembeni kwa waya wa uzio aliouokota, tukaendelea bila honi. Kutoka pale barabara inaanza kupanda, na pikapu ilipoanza kupanda ikaanza kukohoa. Inavuta, inakata, inavuta tena, halafu inazimika kabisa. Tukingoja dakika ishirini, inawaka kana kwamba hapakuwa na shida.

"Petroli inachemka ndani ya mpira," baba alisema. "Mpira umepita karibu mno na ekzosi. Ikichemka inakuwa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke."

Alichomoa leso yake nyeupe ya suti, akailowesha kwa maji ya kunywa, akauzungushia mpira wa petroli. Gari likawaka na kutupeleka kilometa chache, leso ikakauka, likazima tena. Maji yetu yakaisha.

Mama mmoja alikuwa anatoka shambani na dumu dogo kichwani. Alikuwa amekwenda kuwasaidia ndugu zake kupalilia, kwao ni Namswea. Nilimwomba maji kidogo.

"Ninayo," alisema, "ila ni ya kunywa. Gari lenu linakunywa?"

"Halinywi, mama. Tunalikanda."

Alicheka mpaka akatua dumu. Alitaka kuona kwa macho yake namna gari linavyokandwa kama mgonjwa, na baba akamwonyesha, kwa heshima zote, mpira, leso na bomba la moto. Akasimama nasi hadi injini ilipopoa. Alitupa maji nusu ya dumu na viazi vitamu vitatu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani. Tulipoagana akamwambia baba, "Mfikishe binti taratibu." Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, lakini sikumsahihisha.

Tulisimama mara tano. Tuliingia Mbinga jua limeshuka nyuma ya milima, tukalala kwa shangazi yangu.

Mbinga mjini

Ijumaa asubuhi shangazi alituelekeza kwa Fundi Alto, bwana mnene, mpole, anayeongea na injini kwa sauti ya chini. Alimwamkia baba, akalala chini ya pikapu, akakaa huko kitambo. Alipotoka alifuta mikono, akauliza bila kumtazama mtu.

"Hapa juu ya ekzosi kuna matundu manne ya bolti. Bati lake liko wapi? Nani alilitoa?"

"Ni mimi," nikasema. "Lilikuwa linagonga-gonga, linanipigia kelele njiani. Nikamwambia fundi wa Songea alitoe. Yeye hakutaka, nikamlazimisha."

"Basi bati hilo ndilo lililokuwa linawalinda," Fundi Alto alisema. Hakunigombeza. Baba ndiye aliyenitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amekasirika, nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa tu, akaenda kukaa juu ya tairi.

Fundi akanieleza kazi yenyewe, nami nawaandikia kama alivyosema, maana wengine mna magari ya umri wa langu. Kwanza, mpira wa petroli uliokauka na kupasuka-pasuka unatupwa, haufungwi kiraka. Mpya unapitishwa njia nyingine, mbali na ekzosi angalau upana wa kiganja, na unashikwa kwa vishikizo vya chuma ili usining'inie. Vile vya plastiki joto huvila. Pili, bati linarudi, na lisiguse ekzosi wala lisiguse mpira, kati yake upepo upite. Tatu, nyaya zinavalishwa soksi isiyoungua.

"Soksi?" nikauliza.

"Kitambaa kisichopitisha joto. Mimi nina kipande kifupi tu. Nenda dukani ukaulize."

Kosa langu lilikuwa kuingia duka la kwanza nililoliona. Nyuma ya kaunta alikuwa dada mwenye uso wa huruma.

"Naomba kitambaa cha kuzuia joto."

"Pole. Joto limeanza lini?"

"Jana, tulipokuwa tunapanda mlima."

"Mtoto ana umri gani?"

"Lina zaidi ya miaka ishirini."

Akanyamaza kidogo. "Anatapika?"

"Linakohoa na kuzimika. Tukilikanda kwa maji linaamka."

Dada yule alishika mkono wangu juu ya kaunta. "Mama, usipoteze muda hapa. Mpelekeni hospitali." Ndipo nikainua macho nikaona nepi, sabuni na dawa za kikohozi zimepangwa rafu nzima. Nilipomweleza kuwa ni pikapu, alikaa chini kwa kucheka, kisha akatoka nje kunionyesha duka la vipuri kwa kidole.

Huko nilipata utepe mpana uliofumwa kwa nyuzi za kioo, mweupe, unaowasha ngozi kama upupu. Fundi Alto alitaka kuuzungusha tu kwenye nyaya na kuubana kwa waya. Nikaangalia, nikaona utafunguka. Jamani, mimi nimeshona tangu nina miaka kumi na sita.

"Nipe mimi," nilimwambia. "Nitashona mrija kamili, halafu uuvalishe."

"Uzi utaungua, dada."

"Sishoni kwa uzi."

Nilimwomba waya wa chuma mwembamba kuliko unywele wa farasi, nikatoboa kwa msumari mdogo, nikakunja ukingo mara mbili, nikashona kwa mkono mshono wa kurudi nyuma, ule ninaowashonea askari mikanda. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi na bado niliwashwa hadi kwenye viwiko. Fundi Alto, kwa upande wake, alikata bati kutoka kwenye mfuniko wa sufuria kubwa ya aluminiamu, akaligonga taratibu juu ya gogo hadi likapata umbo la ekzosi.

Tungeondoka saa nane mchana. Baba ndiye aliyetuchelewesha. Alikagua mshono wangu kila pigo. Alipitisha kidole kati ya bati na mpira, akasema nafasi haitoshi. Fundi akafungua, akarekebisha. Akapitisha kidole tena. Akaomba gari liwashwe, lingurume nusu saa, halafu akaushika mpira kwa kiganja kitupu, akafumba macho, akahesabu.

"Mzee," Fundi Alto akasema kwa upole, "hili sasa haliungui hata ukilipeleka jehanamu."

Baba hakutabasamu. "Fungua tena," alisema. "Kile kishikizo cha nyuma."

Kishikizo cha nyuma hakikuwa na kosa lolote. Kilifunguliwa, kikafungwa. Giza likaingia, tukarudi kwa shangazi tukala ugali na maharage, na baba akalala na suti.

Kuteremka hadi Mbamba Bay

Jumamosi gari lilikwenda kama jipya. Tulipita kati ya mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlimani kama macho ya kitambaa cha kufuma, na migomba na mibuni hadi kwenye ukingo wa barabara. Nilikuwa naimba. Kona zilipozidi kuwa kali, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza chini kabisa, baba akaniambia nisimame.

Nilidhani anataka kukagua tena. Nikafungua boneti. Hakuja. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara.

"Lile bati," alisema. "Fundi alipouliza nani, ulijibu papo hapo."

"Si ni kweli? Ni mimi."

"Ni kweli. Mimi ya kwangu nimekaa nayo tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni."

Akanisimulia akiangalia ziwa. Yeye na Yeremia walikuwa madereva wa tajiri mmoja aliyekwisha kufa zamani, aliyekuwa akikusanya kahawa vijijini. Lori moja, madereva wawili, siku hii huyu, siku ile yule. Jioni moja baba aliukuta mpira wa mafuta umepasuka. Alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, mama alikuwa na homa. Akaunga kipande cha mpira mwingine, akakifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kwa kuwa kilikuwa kirefu akakilaza juu ya ekzosi. Alisema moyoni kesho atakitengeneza. Kesho ilikuwa zamu ya Yeremia. Lori liliwaka moto upande wa Litumbandyosi, limejaa kahawa ya watu. Yeremia alitoka, lakini alirudi ndani kuchukua vitabu vya mizigo, na mkono wake wa kulia ukaungua.

"Tajiri alituita wote wawili," baba alisema. "Akamuuliza Yeremia, 'Ulikuwa unavuta sigara?' Yeremia akasema ndiyo, alivuta moja asubuhi. Ikaishia hapo. Akafukuzwa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Kitu chochote?"

"Nilisema, 'Pole, Yeremia.'"

Nawaambia kweli, nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Baba aliendelea na kazi ile. Kazi ile ndiyo iliyojenga nyumba yetu, ikanilipia shule, ikaninunulia cherehani ya kwanza. Nilitaka kumuuliza kama alijua hivyo, halafu nikamwona jinsi alivyoishika kofia, nikaona anajua kuliko mimi.

Nilifunga boneti, ile ambayo asubuhi ya Alhamisi aliisahau kwa kuwaza neno hili. Niliendesha hadi Mbamba Bay. Huko niliagiza samaki aina ya mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo, nikala peke yangu. Yeye alikaa mkabala wangu na kikombe cha chai hadi kikapoa.

"Ukitaka tunaweza kurudi," nikamwambia mwishowe. Bado nilikuwa na hasira, lakini nilimwonea huruma.

"Nikirudi leo sitakuja tena," alisema. "Twende."

Barabara ya ufukweni

Kutoka Mbamba Bay kwenda kaskazini ni vumbi na mawe, ziwa likiwa mkono wa kushoto, linaonekana, linapotea nyuma ya miti, linaonekana tena. Tuliuliza njia mara mbili. Mara ya pili niliuliza, "Kwa Mzee Yeremia ni wapi?" na kijana mwenye baiskeli akajibu bila ubaya wowote, "Yupi? Yule mchoma kahawa?" Baba alikuwa amekaa pale pale, dirisha wazi.

Mzee Yeremia alikuwa uani, mrefu, amekonda, blanketi mabegani kwenye jua kali. Alipomtambua baba alisimama bila kushikwa.

"Kaspari! Umekuja na suti. Umekuja kunizika?"

Walikumbatiana. Yeremia alikohoa na kucheka kwa pamoja. Niliona mkono wake, ngozi imekunjamana na kung'aa kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Nilipiga goti kidogo nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba, mwanangu," akaniuliza kama mimi ni yule mtoto aliyekuwa analia usiku kucha. Mke wake, Mama Rehema, alileta maji ya kunawa, ugali na dagaa wa ziwani waliokaangwa kwa nyanya.

Baba hakunawa. "Yeremia," alisema, "sitakula chakula chako kabla hujanisikia."

Akasema yote, akiwa amesimama. Mpira, ukanda wa tyubu, ekzosi, kesho. Hakumtaja mama wala homa yake.

"Siku ile tajiri aliponiuliza habari ya sigara," Mzee Yeremia alisema polepole, "ulikuwa umesimama mkono wangu wa kulia."

"Ndiyo."

"Huu ulioungua."

"Ndiyo."

Yeremia akaondoka. Akashuka hadi kwenye nyavu zilizoanikwa mchangani, akatugeuzia mgongo. Tulisimama pale hatujui tukae au tuwashe gari. Mama Rehema alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. Baadaye akaivuta, akasogeza sahani kwetu.

"Kuleni," alisema. "Samaki hana kosa."

Nilikula, kwa heshima yake. Sikumbuki ladha.

Jua lilikuwa karibu na maji Mzee Yeremia aliporudi. Alikaa, akavuta pumzi hadi ikatulia.

"Moyo wangu ni wangu, nitaushughulikia mwenyewe," alimwambia baba. "Lakini hawa watoto wangu wamekua wakiitwa watoto wa mchoma kahawa. Daudi wangu alikataliwa posa kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaamini, nikasema labda kweli ilikuwa sigara. Kesho baada ya kanisa wote watakuwa hapa. Utawaambia wewe. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

"Nitawaambia," baba alisema.

Jumapili

Kanisa lao ni la Kianglikana, na baba, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikaa benchi la nyuma akiwa na wasiwasi wa kukosea. Katikati ya ibada alininong'oneza kwa mshangao kwamba inafanana na misa yetu, na kwamba wanaimba kutuzidi.

Baadaye ua ulijaa. Watoto watano wa Yeremia, wake na waume zao, wajukuu, mdogo wake, majirani wawili ambao yeye mwenyewe aliwaita. Mzee Yeremia alikaa kwenye kiti akiangalia chini. Baba alisimama mbele yao na kofia mkononi.

Sauti yake ilianza ndogo. Mdogo wake Yeremia akasema, "Hatusikii," na baba akaanza upya, kwa nguvu. Aliwaambia ni nani aliyeufunga mpira ule, kwa kitu gani, aliulaza wapi, na kwa nini mafuta yakivuja juu ya chuma cha moto hayahitaji sigara ya mtu. Akasema, "Baba yenu hakuchoma kahawa. Aliingia motoni kuokoa vitabu vya watu. Mimi ndiye niliyechoma, na nikanyamaza, na nikaendelea kula mshahara."

Rehema, binti mkubwa, alikuwa analia. "Kwa nini leo, mzee? Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilisikia baba yenu yuko hospitali. Nikaona anaweza kufa akiwa bado anaitwa jina langu."

Daudi, ambaye sasa ana mvi, ndiye pekee aliyekuwa hajatusalimia tangu tufike. Aliinuka nyuma kabisa na kuja hadi mbele ya baba. Ni mtu mkubwa, mvuvi, mikono kama kasia. Nilisogea karibu bila kujua nimesogea.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Baba akaitikia. Daudi akamshika kiwiko, akamkalisha, na Mama Rehema akaleta maji, safari hii baba akanawa na kula.

Jumatatu alfajiri nilipakia. Mzee Yeremia alikuja hadi garini na fimbo yake, akaniletea mfuko wa dagaa wakavu wa kuwagawia ninyi, ndio mliokula. Baba alikuwa nyuma yake, bila koti, mikono ya shati imekunjwa.

"Nenda wewe," Mzee Yeremia aliniambia. "Huyu mwache hapa kwanza. Bado sijamaliza kumkasirikia, na kwa simu sitaweza."

Nilimtazama baba. Akanipungia mkono. Nilipofika barabarani niliangalia kwenye kioo, nikawaona wamekwishakaa kwenye benchi moja kuelekea ziwani, Mzee Yeremia anaongea, anaongea, na baba ameinamisha kichwa anamsikiliza.